Shauri la Kutoitikia Hodi Saa za Kazi

TANGAZO NAMBA KUMI NA MOJA LA KAMATI YA KILIMA MANDHARI: KUHUSU WAKAZI WASIOITIKIA HODI SAA ZA KAZI.

Ndivyo lilivyoandikwa, kwa herufi kubwa, likachomekwa kwenye kijiti mbele ya nyumba ya Bi Nungunungu. Nimelisoma kwanza ili msije mkasema nimelitunga. Sasa tuanze kama tunavyoanza.

Jamani, nina ngano!

— Ilete!

Ina miiba!

— Ilete na miiba yake!

Haya, sogeeni. Na wa nyuma huko wanyamaze.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na kupiga kura, palikuwa na kilima. Kilima hicho kiliitwa Kilima cha Kupe. Kiliitwa hivyo kwa sababu kilikuwa na kupe. Mwenye akili zake hakuhamia huko.

Aliyekwenda huko ni Mhanga. Mhanga ni yule mnyama mwenye pua ya bomba na masikio ya punda, na kazi yake ni kuchimba. Huchimba akitafuta mchwa. Akishiba huondoka, shimo hubaki. Desturi ikawa hivi: shimo aliloliacha Mhanga ni la yule anayelala ndani yake. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo, kwa sababu hakuna asiyeijua.

Bi Nungunungu alilala katika shimo moja la kilimani kwa miaka saba. Alilala mchana, kama nungunungu wote wanavyolala, na jua likizama akaamka kwenda kutafuta mizizi. Mumewe alikamatwa na chui msimu wa kiangazi. Marehemu alimwachia mimba. Watoto wakazaliwa wawili, na miiba yao ilikuwa laini kama nyasi changa, maana miiba ya mtoto wa nungunungu haizaliwi migumu. Mpaka ikauke, mtoto huyo nje ya shimo ni kitoweo cha yeyote anayepita.

Basi siku moja Simba alipita chini ya kilima. Akasimama. Akakitazama kilima. Akapiga miayo. Akaenda zake.

Mbweha akaona. Mbweha alikuwa dalali, yaani mnyama asiye na nyumba lakini mwenye funguo za nyumba zote. Akakimbia bonde zima akitangaza: "Mmesikia? Mfalme amekitazama kilima mpaka mdomo ukamwachama!"

Kesho yake Mbweha akakibadilisha kilima jina. Akakiita Kilima Mandhari. Kupe hakuwabadilisha.

Wenye nacho wakaanza kupanda. Twiga akanunua shimo kwa ajili ya mandhari, ingawa Twiga ana mandhari yake popote anaposimama. Pundamilia akanunua kwa sababu Twiga amenunua. Mbuni alichomeka kichwa ndani ya shimo lake, akasema panamtosha, akahesabiwa mkazi.

Wakazi wapya wakaunda kamati. Kamati ikatunga kanuni. Kanuni ya kwanza iliitwa Kanuni ya Kuhifadhi Sura ya Kilima, nayo ilisema: ni marufuku kuchimba shimo jipya. Mhanga akaambiwa ashuke na makucha yake. Mashimo yakawa yaleyale, wanaoyataka wakawa wengi, na kila asubuhi Mbweha alitangaza kwa mshangao kwamba bei imepanda, kana kwamba imejipandia yenyewe.

Mashimo yalipokwisha, Mbweha akaenda kuwanong'oneza wanakamati. Ndipo ikatungwa Kanuni ya Hodi. Nayo ilisema: nyumba ikipigiwa hodi siku tatu, na kila siku mara tatu, isiitikiwe, nyumba hiyo ni tupu, na kamati itampa mwingine. Hodi zipigwe saa za kazi. Saa za kazi ni kuanzia umande unapokauka mpaka kivuli kinaporefuka.

Hesabuni wenyewe nani hulala saa hizo.

Mpiga hodi alikuwa Karani Tamba, yule ndege mrefu wa miguu, mwenye manyoya kisogoni kama kalamu zilizochomekwa sikioni. Karani Tamba hakuwa mbaya. Hakuwahi kula rushwa wala kuandika uongo. Aliandika tu kile ambacho fomu ilimwuliza. Na fomu yake ilikuwa na nafasi mbili: AMEITIKA na HAJAITIKA.

Siku ya kwanza alifika kwa Bi Nungunungu jua likiwa utosini. Akasimama kwa mguu mmoja, akaimba wimbo wake wa kazi:

*Hodi ya kwanza, mwenye nyumba!*
*Hodi ya pili, mwenye nyumba!*
*Hodi ya tatu, naandika!*

Ndani ukasikika mkoromo. Mkoromo mzito, wa mzazi aliyekesha akitafuta chakula. Karani Tamba akausikia vizuri kabisa. Akaitazama fomu. Fomu haikuwa na nafasi ya mkoromo. Akaandika: HAJAITIKA. Akachomeka tangazo, akaenda.

Jioni Bi Nungunungu akatoka, akalikuta. Akalisoma mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akarudi ndani, akawatazama watoto, akaigusa miiba yao kwa pua. Laini bado. Ilihitaji wiki mbili, labda na siku moja juu yake.

"Mama, mbona unatunusa?" akauliza Kulwa, aliyetangulia kuzaliwa.

"Nawapima," akasema. "Haya laleni. Na mkisikia sauti ya mtu mlangoni nisipokuwepo, kimya. Msiitike. Hata akijiita shangazi yenu."

"Tuna shangazi?" akauliza Doto.

"Hamna. Ndiyo maana."

Siku ya pili Bi Nungunungu aliamua asilale. Jua likatoka, akakaa mlangoni na kijiti kidevuni, ili akisinzia kimchome. Umande ukakauka. Kope zikawa nzito kama mawe. Kijiti kikamchoma, akaamka. Kikamchoma tena, akaamka. Mara ya tatu kijiti kikavunjika.

Karani Tamba akaja. Akasimama kwa mguu mmoja.

*Hodi ya kwanza, mwenye nyumba!*
*Hodi ya pili, mwenye nyumba!*
*Hodi ya tatu...*

Bi Nungunungu akasikia kwa mbali sana, kama mtu anayeitwa akiwa chini ya kisima. Akafumbua jicho moja. Akafungua mdomo.

"Ka..." akasema.

Na hapo miayo ikamkamata. Ikawa miayo mirefu. Karani Tamba akangoja kwa adabu. Kalamu mkononi, shingo mbele, akingoja hiyo "ribu". Mdomo wa Bi Nungunungu ukajifumba, jicho likajifumba, kichwa kikaangukia kifuani.

Karani akasikitika, tena kwa dhati. Akaandika: HAJAITIKA. Pembeni akaongeza kwa mwandiko mdogo: jibu lilianza, halikukamilika.

Siku ya tatu Bi Nungunungu akaona dawa ni kwenda ofisini mwenyewe. Alipotoka mizizini hakulala. Aliwaambia watoto wakae kimya, akashuka mpaka kwenye mti wa ofisi, akapanga foleni dirishani. Mbele yake alikuwa Pundamilia, amekuja kulalamika kwamba jirani yake ana mistari inayofanana na yake. Foleni ikasogea. Bi Nungunungu akafika dirishani.

Dirisha likawa halina mtu.

Akangoja. Kivuli kikaanza kurefuka. Hatimaye Karani Tamba akatokea, vumbi miguuni, amechoka.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba, mama. Una shida gani?"

"Nimekuja kusema kwamba mimi nipo."

"Vizuri. Wewe ni nani?"

"Nungunungu. Wa kilimani, shimo la mwisho juu."

Karani akafungua kabrasha lake, akalisoma. "Nungunungu wa shimo la mwisho hayupo."

"Ndiye mimi, baba."

"Mama, mimi sibishani na wewe. Nimetoka huko sasa hivi. Nimepiga hodi tatu, kimya. Hata mkoromo leo hapana."

"Hapana kwa sababu niko hapa! Nilikuwa dirishani kwako!"

Karani Tamba akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa mtu mwaminifu, na aliona kwamba mama huyu anasema kweli. "Ni kweli ulikuwa hapa," akasema. "Kwa hiyo ni kweli hukuwa kule. Yote mawili yanapatana na nilichoandika."

"Basi nifanyeje?"

"Unaweza kukata rufaa. Rufaa huletwa na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si mimi?"

"Ungekuwa wewe," akasema Karani kwa upole, "ungeitika."

Kesho yake tangazo jingine likachomekwa. Nyumba ni tupu. Mbweha amekwisha kuipatia mnunuzi. Mnunuzi ni Bwana Ngiri wa bondeni, naye atakabidhiwa funguo siku ya tano, saa za kazi, mbele ya waheshimiwa.

Waheshimiwa walikuwa wawili, maana ulikuwa wakati wa uchaguzi. Mwenyekiti wa Kilima Mandhari alikuwa Kiboko. Alikuwa amekiongoza kilima kwa vipindi vitatu bila kukipanda hata siku moja. Alikiongoza kutoka bwawani, akisema kiongozi mzuri hukitazama kitu chake kwa mbali ili akione chote. Mpinzani wake alikuwa Nyani, aliyefanya kampeni juu ya mti ulioinamia bwawa lilelile.

Walio bondeni walipokuja, Kiboko aliwaambia: "Nitashusha bei za nyumba!" Walio kilimani walipokuja, aliwaambia: "Nitazilinda bei za nyumba!" Nyani alimwita mwongo mkubwa. Yeye Nyani aliwaahidi walio bondeni kwamba bei zitashuka, na walio kilimani kwamba hazitashuka, lakini aliwaahidi siku tofauti.

Jioni ile Bi Nungunungu akaenda bwawani.

"Mheshimiwa," akamwambia Kiboko, "wananitoa nyumbani kwangu. Nina watoto wawili, miiba haijakauka."

Kiboko akatoa macho na pua majini. "Mama," akasema, "mimi nasimama na wajane." Akasema hivyo huku amelala.

"Msikie!" akapiga kelele Nyani kutoka mtini. "Vipindi vitatu anasimama na wajane, na bado hajalowa jasho! Mama, njoo kwangu. Mimi nina mpango wa wajane."

"Mpango upi, mwanangu?"

"Mpango wa baada ya uchaguzi."

"Siku ya tano inakuja kabla ya uchaguzi."

Kiboko akamtazama Nyani. Nyani akamtazama Kiboko. Kwa mara ya kwanza msimu ule wakakubaliana.

"Hilo," wakasema pamoja, "ni la kamati."

Bi Nungunungu akapanda kilima polepole. Njiani akamkuta Mhanga ameketi kwenye kichuguu nje ya mpaka wa kilima, anakula mchwa kwa huzuni.

"Shemeji," akamwambia, maana Mhanga na marehemu mumewe walikuwa wakitembea pamoja, "nichimbie shimo jingine. Popote. Dogo tu."

"Hapa chini naweza," akasema Mhanga. "Lakini utawafikishaje watoto? Kutoka juu mpaka hapa ni mwendo, na fisi wamejaa njiani tangu hizi sherehe za kampeni zianze, wanafuata makombo. Na huko juu nikiugusa udongo, wananikata makucha. Imeandikwa. Kilima kizima nilikichimba mimi, shemeji, na sasa nikipita wananiuliza natafuta nyumba ya nani."

Mhanga akalamba mchwa mwingine.

"Nani amenunua?" akauliza Mhanga.

"Ngiri."

"Ngiri yupi, huyu wa viazi? Mbona mtu wa watu. Atakuwa hata hajaingia kuitazama."

"Mbweha kamwonyesha kwa nje. Kamwambia mandhari iko nje."

Mhanga akacheka puani, na kwa pua ile kicheko kilichukua muda kutoka. "Na hata akiingia hataiona. Umesahau ngiri wanavyoingia ndani?"

Bi Nungunungu hakuwa amesahau, ila hakuwa amefikiria. Ngiri hawaingii shimoni kwa kichwa. Hugeuka wakaingia kinyumenyume, makalio mbele na pembe nyuma, ili adui akija akutane na pembe mlangoni. Babu zao waliingia hivyo, na wao wanaingia hivyo.

Akasimama pale akifikiri. Kisha akasema: "Shemeji, mimi siwezi kuamka saa zao. Nimejaribu. Lakini hakuna kanuni inayosema nilale chumba gani."

Siku ya tano, alfajiri, Bi Nungunungu alirudi kutoka mizizini, akawasukuma watoto mpaka chumba cha ndani kabisa. Yeye akatandika majani yake penye kona ya njia, hatua tatu kutoka mlangoni, mahali ambapo mwanga haufiki. Akageuza uso ndani na mgongo nje. Akasimamisha miiba. Akalala usingizi mzito, kwa sababu alikuwa amechoka kweli. Haya yanayofuata yeye hakuyaona. Sisi tumeyapata kwa waliokuwepo.

Watu walijaa. Twiga alikuja akatazama kwa juu, Mbuni akachomoa kichwa shimoni kwa heshima ya siku, akaja. Nyani alifika kwa matawi. Kiboko naye, kwa kuwa Nyani amekwenda, ikabidi apande. Alipanda asubuhi nzima, akihema, ngozi inamkauka, na kila alipopumzika alisema amesimama kusikiliza kero za wananchi. Alipofika juu alikitazama kilima alichokiongoza vipindi vitatu, akauliza: "Hapa ni wapi?"

Bwana Ngiri alikuwa amejipaka tope jipya. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye aibu ya mgeni. Alichimba viazi misimu mitatu kuipata nyumba hii.

Mbweha akasema: "Karibu kwako, tajiri. Ingia."

Ngiri akasimama mlangoni. "Hodi," akasema.

"Hodi ya nini?" akacheka Mbweha. "Nyumba yako hii!"

"Mama yangu alinifundisha hivyo, ndugu yangu. Popote penye mlango, hodi kwanza." Akapaza sauti. "Hodi! Hodi, wenyewe!"

Kimya. Kisha, kwa ndani, mkoromo.

"Mbona nasikia mtu?"

"Upepo huo," akasema Mbweha. "Nyumba za huku juu zina upepo mzuri sana. Bondeni hamna."

Ngiri akageuka. Akaelekeza makalio mlangoni. Akaanza kurudi nyuma, taratibu, akiwatabasamia watu kwa aibu. Kiboko akakohoa, akaanza: "Ndugu wananchi, leo ni siku ambayo..."

Leo ni siku ambayo nini, hakuna aliyejua mpaka kesho. Kwanza ulisikika mlio, mlio ambao haukuwa wa furaha. Kisha Ngiri akatoka. Aliingia kama bwana harusi, akatoka kama jiwe la manati. Alimpitia Mbweha, akampitia Mbuni, akamgonga Kiboko tumboni. Kiboko akayumba, akaketi, akaviringika. Kupanda kulimchukua asubuhi nzima. Kushuka hakukumchukua muda. Maji ya bwawa yakasikika hadi juu.

Ngiri akalala kifudifudi majanini. Watu wakamzunguka. Mgongoni mwake chini, mahali ambapo heshima inanizuia kupataja, palisimama miiba kumi na saba.

"Ni wavamizi!" akapiga kelele Mbweha. "Kuna mvamizi ndani! Karani, andika mvamizi!"

Karani Tamba akaja na fomu yake. Akasimama kwa mguu mmoja.

"Bwana Ngiri, pole. Ulipiga hodi?"

"Nilipiga," akasema Ngiri, mdomo ukiwa kwenye udongo.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Saa za kazi?"

Mtu mmoja akatazama kivuli. Zilikuwa saa za kazi.

"Uliitikiwa?"

Bwana Ngiri akainua kichwa. Akamtazama Karani. Akamtazama Mbweha aliyekuwa akimkonyeza. Akayawaza maumivu yake, akamwaza na huyo aliyemo ndani, ambaye bado alikuwa anakoroma.

"Niliitikiwa," akasema.

"Siyo jibu hilo!" akabweka Mbweha. "Jibu la hodi ni karibu! Juzijuzi mama huyo huyo alisema 'Ka' na wewe ukalikataa!"

"Nililikataa kwa kuwa halikukamilika," akasema Karani. Akamwinamia Ngiri. "Bwana Ngiri, hili la leo, kwa maoni yako, limekamilika?"

"Mpaka kwenye mfupa," akasema Ngiri.

Karani Tamba akaitazama fomu yake. AMEITIKA. HAJAITIKA. Hapakuwa na nafasi ya tatu. Akaandika: AMEITIKA. Na inasemekana kwamba, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alibonyeza kalamu kwa nguvu.

Nyumba yenye mwitikaji si tupu. Ndivyo kanuni yao wenyewe ilivyosema.

Sasa watu wakamgeukia Mbweha. Twiga akashusha shingo mpaka pua kwa pua. "Na langu? Ulilitazama ndani kabla ya kuniuzia?" Pundamilia akauliza vivyo hivyo. Mbuni, aliyekuwa amelala na kichwa shimoni mwezi mzima, alianza kutetemeka akikumbuka kwamba mara kwa mara kulikuwa na kitu kinamlamba sikio. Wengi wakasema wanauza. Hakuna aliyesema ananunua. Jioni ile bei za Kilima Mandhari zilishuka kwa mwendo wa Kiboko.

Mbweha akamrudishia Ngiri viazi vyake hadharani, watu wakitazama. Kisha akaondoka bondeni pale, na kwa kuwa hakuwa na nyumba hakuwa na cha kufungasha.

Kelele zikamwamsha Bi Nungunungu. Akatoka amekunja uso, anapepesa macho juani.

"Nani anapiga kelele mchana hivi? Kuna wazee wamelala!" Akamwona Ngiri. Akaiona miiba yake. Akanywea. "Aa. Pole, baba. Pole sana. Usigeuke, tulia hivyohivyo."

Akapiga magoti, akaanza kumchomoa miiba kwa meno, mmoja mmoja.

"Taratibu, mama."

"Naenda taratibu. Huu wa tatu. Nisamehe, baba, sikuwa na ubaya na wewe. Nina watoto wadogo ndani."

"Hata mimi," akasema Ngiri. "Yaani bado. Mke wangu mzito, mvua zikianza atajifungua. Bondeni shimo letu hujaa maji. Nikasema safari hii wazaliwe pakavu. Aaii!"

"Huo ulikuwa umejipinda. Kwa hiyo ulitaka pakavu."

"Pakavu tu."

"Na mandhari?"

"Mama," akasema Ngiri, "mimi naingia kinyumenyume halafu nalala. Mandhari ya nini?"

Bi Nungunungu akacheka mpaka mwiba wa tisa ukamdondoka mdomoni. Kisha akamwelekeza kwa Mhanga. Mhanga alimchimbia Ngiri shimo kwenye mwinuko wa pili ng'ambo ya kijito, pakavu, nje ya mpaka wa kamati. Akalimaliza kabla jua halijazama. Akaulizwa kwa nini miaka yote hii watu wanagombania mashimo wakati fundi yupo. Mhanga akasema hajawahi kuulizwa, amewahi kukatazwa tu.

Kiboko aliitaja nyumba hiyo kwenye kampeni zake kama ahadi aliyoitimiza. Nyani naye vilevile. Nani alishinda sikumbuki, na waliopiga kura nao hawakumbuki vizuri.

Funzo lake ni hili, na mlisikie mlio na vyeo na mtakaopata. Ukitaka kujua kama nyumba ina mtu, ingia utazame, na uingie na uso wako. Usimpime mtu kwa saa zako wewe, ukamwita hayupo kwa sababu yeye analala wakati wewe unaandika. Na ukiona kitu kimeadimika, tazama kwanza nani amekataza kisitengenezwe.

Hapo ndipo ngano yangu inapoketi.

— Na iketi, imetembea!

Mwenye nyongeza aongeze kesho, leo mdomo wangu umekauka.

— Kanywe maji, tumeshiba sisi!

Ila yupo mmoja ananiuliza yaliyotokea hasa, bila kanuni wala kabrasha. Yaliyotokea ni haya. Bi Nungunungu hakuhama. Miiba ya Kulwa ilikauka siku ya kumi na tatu, ya Doto siku ya kumi na tano. Siku ya kumi na sita, jua lilipozama, walitoka watatu kwenda kutafuta mizizi, na walirudi watatu.